Pua ya Shangazi Milojka

Alhamisi, 22 Januari

Leo Mtakatifu Vinsenti, mlinzi wa mizabibu. Asubuhi tumekata vijiti vya mzabibu, tumevitia kwenye jagi la maji dirishani jikoni, kama kila mwaka. Vikichipua vizuri, mavuno yatakuwa mazuri. Shangazi Milojka anavitazama kama mtu anayesoma barua. Mimi naona vijiti tu.

Kanipa daftari hili. Eti niandike kila ninachonusa na kuonja, pua isilale. "Shule ya kilimo ilikufukuza mwaka wa pili, Dore, lakini pua yako haikuifukuza." Nikamwambia sikufukuzwa, tuliachana kwa amani. Kanichapa na kitambaa cha vyombo. Kisha akasema hatalisoma, ni langu.

Haya. Izidor Krapež, nyumbani Dore, miaka kumi na tisa, pua bora bonde zima la Vipava. Sijisifu, naandika ukweli tu! Nipe glasi, nifunge macho — nitakuambia kama ni pinela au zelen, divai nyeupe za kwetu, imelala kwenye chuma au kwenye mbao, na mwenye nayo mara ya mwisho ameoga lini.

Sasa siri. Kwa kuwa hasomi mtu.

Shangazi hana pua. Yaani anayo, kubwa, ya ukoo, ila haifanyi kazi. Homa ya mwaka juzi ilipoondoka iliondoka na harufu zote. Kahawa, moshi, sabuni, mbwa aliyelowa — hakuna. Ulimi unamwambia kali, tamu, chungu, chumvi. Basi. Wanaojua ni daktari mmoja wa mjini, na mimi.

Na huyo huyo shangazi ndiye mwanamke pekee kwenye meza ya waonjaji wa kijiji. Watu saba. Kila Machi wanakaa ukumbi wa zimamoto, divai za kijiji kizima zinakuja kwa namba bila majina, wananusa, wanaonja, wanatema, wanatoa alama. Alirithi kiti kwa babu. Siku wakijua hanusi, kiti kimekwenda. Na wanunuzi nao. Nani atanunua divai ya mtu asiyeweza kuinusa?

Mwaka jana tulipita! Mimi nilikuwa namimina. Nikikohoa, safi. Nikijikuna sikio, mbao imezidi. Kitambaa begani — imekuwa siki, imekufa. Akatoa alama zake sawasawa, na maneno juu. Hata Mzee Radivoj, jirani yetu na mwenyekiti wa meza, mwenye pua ya mbwa wa kusaka uyoga, hakushtuka. Tulirudi nyumbani tunacheka mpaka shangazi akakaa chini barabarani.

Kazi yangu ya pili: kila Ijumaa kujazia mapipa. Mbao inakunywa divai, inapungua, hewa inaingia, hewa ikikaa imeharibu. Unachota kutoka mtungi mkubwa wa kioo, unajaza pipa mpaka shingoni, unagonga kizibo, unaweka tiki kwenye karatasi ya mlangoni. Pipa la kwanza, la pili, la tatu. La tatu liko pembeni nyuma ya shinikizo la zabibu, lazima upande kreti mbili. Ndani yake rebula, divai ya mizabibu ya babu, iliyolala na maganda yake wiki tatu mpaka ikawa na rangi ya chai.

Nimeionja leo, kuanzisha daftari. *Aprikoti kavu. Maua ya chamomile. Ganda la jozi. Mwishoni asali kidogo, halafu inakaa, inakaa, haitaki kuondoka kama mgeni mzuri.* Nimemsomea shangazi. Akafumba macho. Akasema, "Rudia ile ya mgeni."

Nikarudia.

Ijumaa, 30 Januari

Burja, upepo wetu mkali wa baridi, inavuma tangu juzi, mawe juu ya mapaa yanacheza. Nimejazia la kwanza na la pili. La tatu lina kreti mbili na vidole vimeganda. Nimeweka tiki tatu. Wiki moja haiui pipa.

Ijumaa, 6 Februari

Tiki tatu.

Rafiki yangu Gašper kaja na akodiani yake kufanya mazoezi ya sikukuu ya vinyago. Ghalani kuna joto zuri. Tumekunywa kidogo kutoka mtungi wa kujazia. Kidogo tu. Shangazi ataona umeshuka, atadhani divai imeingia mapipani. Hesabu inalingana! Mimi na akili zangu.

Ijumaa, 13 Februari

Tiki tatu. Mtungi umebaki robo. Nimejiona kwenye kioo chake, kichwa kirefu kama boga.

Jumanne, 17 Februari

Vinyago! Gašper dubu, mimi bibi harusi mwenye masharubu. Nyumba hadi nyumba tangu asubuhi, kila mlango soseji, mayai, maandazi ya kukaanga, glasi. Kwa Mzee Radivoj nikafunua shela, nikanusa divai yake, nikasema mbele ya watu wote: "Pinela nzuri, mzee. Ila ulichelewa kuvuna siku nne." Watu wakaangua kicheko. Mzee akanitazama. Akasema: siku tano, bibi harusi. Mvua. Halafu akaniongeza glasi.

Kichwa kikavimba. Saa tisa mchana nikawaleta vijana sita nyumbani — shangazi alikuwa kanisani kusaidia maandazi ya wazee — nikawaambia mmekunywa maji kutwa, njooni muonje divai. Nikapanda kreti na gauni langu. Nikang'oa kizibo cha pipa la tatu. Nikavuta na bomba la kioo, nikawatilia mmoja mmoja, nikawahubiria aprikoti na chamomile. Gašper kasema inanuka kama dawa ya kuharisha ya bibi yake, nikampiga na shada la maua. Mtungi tukaumaliza pia.

Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu. Kizibo nilirudisha. Nadhani nilirudisha.

Jumatano, 18 Februari

Jivu kipajini, shoka kichwani. Silaha zote za burja zimo ndani ya fuvu langu.

Alhamisi, 5 Machi

Siku kumi na tano sikuandika. Nilikuwa napogoa mizabibu na shangazi, mikono yote malengelenge. Tiki mbili za Ijumaa niliziweka, sijui kwa mkono gani. Wa shetani.

Leo shangazi kasema: mwaka huu mezani tunapeleka la tatu. Chukua bomba, kanionjee, kesho uniambie.

Nikashuka napiga mluzi. Nikapanda kreti.

Kizibo kilikuwa juu ya shinikizo. Kimekaa pale kama kofia iliyosahauliwa, vumbi juu. Tangu vinyago. Siku kumi na sita! Tundu la pipa wazi, na ndani divai imeshuka chini kiganja kizima na zaidi. Nikamulika tochi. Juu yake utando mweupe, umekunjamana kama maziwa yaliyopoa.

Sikuhitaji bomba. Ilinijia yenyewe. Siki. Na juu ya siki ile harufu ya rangi ya kucha, kama dada kumi wamekaa ghalani wanajipamba.

Nikaonja hata hivyo. Sijui kwa nini. Labda chini kabisa ilikuwa imebaki kitu. Aprikoti ilikuwepo! Ipo, kwa mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde wakati wa burja. Hilo ndilo lililonivunja. Ingekuwa imekufa yote ningejikaza.

Nimekaa juu ya kreti sijui muda gani. Nilitoa ule utando na kijiko. Kijiko! Kama mtoto anayefuta kinyesi cha paka kwenye zulia. Nikapiga kizibo kwa nguvu, nguvu zote nilizozikwepa wiki tano, kwa siku moja.

Shangazi akaita kutoka juu, supu inapoa. Supu ya kabichi iliyochachushwa na maharage. Nikala sahani mbili ili nisiongee.

Ijumaa, 6 Machi

Naandika haraka nisije nikaacha.

Baada ya kifungua kinywa kaniuliza. "Enhe, Pua. La tatu likoje?"

Nilikuwa nimepanga kusema. Haki ya Mungu nilipanga, tangu alfajiri, sentensi nzima ninayo: shangazi, nimeua pipa la babu. Maneno matano. Nikafungua daftari hili nipate pa kushika macho, likafunguka ukurasa wa kwanza.

Nikamsomea. "Aprikoti kavu. Maua ya chamomile. Ganda la jozi. Mwishoni asali kidogo."

Nilimsomea ya Januari!

Akatabasamu. Akasema, "Na mgeni? Bado hataki kuondoka?"

"Bado, shangazi."

Kisha akaenda mwenyewe na kikombe, mimi nyuma yake nimekauka kama kijiti. Akaonja. Akaikalisha mdomoni. Akatema kwenye ndoo. "Inakata ulimi, Dore."

"Ni ujana wake. Baada ya Pasaka itatulia."

"Babu yako hakuwahi kuwa na rebula inayokata hivi."

"Mwaka ulikuwa mbichi, shangazi. Kila mtu inamkata mwaka huu."

Akaangalia kikombe. Akaniangalia mimi. Akasema, "Haya. Mwenye pua ni wewe."

Ningependa angenipiga kofi la mdomo badala ya sentensi hiyo.

Jumapili, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Kila mwaka namchumia tawi la mimosa kwenye uzio wa kanisa (kasisi anajua, anageuza uso). Leo karibu nisimletee, nimeona haya hata kwa mti. Nikamletea.

Akalipokea, akalipeleka puani. Amezoea tu, mkono umekwenda wenyewe. Akavuta pumzi ndefu, kifua kikajaa. Akabaki hivyo, tawi usoni, anasubiri. Halafu akacheka kidogo. "Bure kabisa. Hebu niambie wewe."

Nikamwambia. Nilitafuta kweli kweli, sijawahi kutafuta hivyo. Nikasema poda ya mtoto. Nikasema nta ya nyuki ikiwa kwenye jua. Nikasema kama tango lililokatwa, lakini mbali, chumba cha pili. Na vumbi kidogo la barabara, kwa kuwa limekua barabarani.

Akasikiliza macho yakiwa yamefumba. Akasema, "Ndiyo. Ndivyo ilivyokuwa." Akanishika sikio, akalivuta polepole kama nilipokuwa mdogo. "Mungu alinipokonya moja akaniazima nyingine. Ina masharubu mabaya lakini haidanganyi."

Nikatoka kwenda kupasua kuni. Tulikuwa na kuni za kutosha.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwambia Gašper. Tulikuwa tunafunga waya shambani kwao. Nilidhani atashtuka. Akasema: si umwambie tu? Nikasema huelewi. Akasema anaelewa sana, amekunywa pipa hilo hilo. Halafu akasema yeye ndiye aliyenipigia akodiani, kwa hiyo ni mtenda dhambi wa pili, akacheka peke yake.

Nikamuuliza kama kuna njia ya kuiponya. Akasema bibi yake anatia kwenye saladi.

Sitamwambia mtu tena kitu.

Ila kweli, kwa nini simwambii? Nimejiuliza huku nashika waya. Pipa siliogopi. Mwaka jana mvua ya mawe ilichukua nusu ya shamba, shangazi akapiga mkono mezani mara moja, akachemsha kahawa. Angepona na hili. Zile tiki ndizo ninaziogopa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nilikuwa naziweka huku nikipiga mluzi. Pipa linaweza kumfia yeyote. Tiki ni mimi.

Jumamosi, 14 Machi

Mzee Radivoj kaja na mkokoteni kukusanya chupa. Chupa mbili kila nyumba: moja ya kuonja, moja ya akiba ikitokea ajali. Shangazi kaniagiza nijaze mwenyewe kutoka la tatu. Nikajaza. Nilishikilia pumzi kama mpiga mbizi.

Niliwaza kujaza kutoka la pili. Kwenye ngazi niliwaza, na chupa mkononi. Ila la pili ni pinela, nyeupe kama maji, na shangazi macho anayo. Hata udanganyifu siuwezi vizuri.

Mzee kaketi jikoni, kala nyama ya paja iliyokaushwa, kakata mwenyewe vipande vinene kama yuko kwao.

"Milojka, mwaka huu tumebadilisha kidogo. Tumechoka watu kuchunguliana alama. Kila divai mmoja anaanza kusema, kwa sauti, kabla ya wengine. Tunazunguka. Wewe kiti chako cha pili, kama kawaida."

"Mimi sina shida ya kusema," shangazi akasema.

"Hiyo tunaijua." Akatafuna. "Na jambo lingine. Kijana akishamimina arudi jikoni. Mwaka jana alikuwa na kikohozi kibaya sana. Nilimhurumia."

Nikahisi masikio yanawaka. Shangazi hata hakupepesa. "Jikoni kuna dirisha la kupitishia sahani," akasema. "Akae hapo, vumbi la ukumbini halimfai."

"Basi akae dirishani." Mzee akasimama, akapangusa kisu kwenye suruali. Mlangoni akanigeukia. "Siku tano, bibi harusi. Hilo nitaulizwa mwaka mzima." Akaenda zake anacheka, chupa zetu mbili zinagongana mkokotenini. Kling, kling. Nikawa nazisikia mpaka kona ya kanisa.

Shangazi akafunga mlango. "Umeona? Huyo ananusa kitu," akasema. "Mwaka huu usikohoe ovyo. Mimi na wewe tusikosee hata moja."

Mimi na wewe.

Alhamisi, 19 Machi

Mtakatifu Yosefu, mapumziko, hakuna kazi shambani. Nilikuwa kitandani najifanya naumwa tumbo. Nikamsikia shangazi ghalani, chini ya chumba changu.

Alikuwa anagonga mapipa. Babu alikuwa anafanya hivyo: unakunja kidole, unagonga ubao kuanzia chini kupanda juu, pipa linakuambia divai inaishia wapi. Penye divai sauti ni nene. Penye hewa ni nyembamba. Shangazi hajafanya tangu nipewe kazi ya kujazia. Hakuwa na haja.

La kwanza: du, du, du. La pili: du, du, du. Halafu nikasikia kreti zinaburuzwa.

Du. Du. Tok.

Kimya.

Tok.

Nilihesabu mbao za dari, ziko kumi na nne.

Niliposhuka alikuwa anakaanga yai. Akaniuliza tumbo. Nikasema afadhali. Akanipa yai. Vijiti vya Mtakatifu Vinsenti pale dirishani vimetoa majani madogo, mawili yamekufa. Akayakwanyua, akatia majivuni.

Mchana nikapita mlango wa ghala. Karatasi ya tiki haipo. Msumari tu.

Labda imejaa, anataka kuweka mpya. Ilikuwa imejaa kweli, imebaki mistari mitatu.

Ijumaa, 20 Machi

Nimejazia leo. Yote. La tatu pia, na kwa kuwa mtungi ni mtupu pinela ya la pili nikaipeleka la kwanza — hapana, sijui nimefanya nini, nimemwaga nusu. Hapakuwa na karatasi ya kuweka tiki na ndiyo mara ya kwanza tiki ingekuwa ya kweli.

Jioni shangazi kapiga pasi blauzi yake ya meza ya waonjaji. Nyeupe. Kaniuliza tu, "Una la kuniambia kabla ya kesho?"

"La nini?"

"Sijui. Lolote."

Nikasema burja itavuma tena, naisikia puani. Akasema haya. Akageuza kola upande wa pili.

Jumamosi, 21 Machi

Ukumbi wa zimamoto, jikoni. Naandika kwa penseli, kwenye mapumziko ya mkate. Gašper anasuuza glasi, mimi nazipangusa, yaani nilikuwa nazipangusa.

Tulikuja kwa miguu. Shangazi mbele, mimi nyuma. Langoni akasimama, akaniweka sawa tai, mara yangu ya kwanza kuivaa. Akasema, "Leo nitasema utakachoniambia, Dore. Neno kwa neno. Ukisema asali, nitasema asali."

Divai nane zimepita. Tuko vizuri mno! Ya kwanza zelen, nyasi na rozimari, nilikohoa. Ya pili zamu yake ya kuanza kusema: nikajikuna sikio, akasema kwa sauti, "Mbao imepanda juu ya tunda, limebaki linapumua kwa shida." Mzee Radivoj akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Ya tano merlo, nyekundu, kutoka juu kule, cheri na moshi, ningeiba chupa. Ya saba ya Mzee mwenyewe, ile ile ya siku tano, na nilikohoa kwa kuwa ni nzuri, jamani, tangu vinyago imefunguka kama mlango. Yeye hakujua kuwa ni yake. Akaipa alama ndogo kuliko wote. Ukumbi mzima watacheka majina yakisomwa.

Watu saba, meza moja. Kiti cha pili kinaanza kwa divai ya pili, kisha ya tisa. Nilihesabu usiku kucha jana nikijiambia haitakuwa tisa. Ziko thelathini na moja, kwa nini iwe tisa?

Nimeng'oa kizibo cha tisa sasa hivi. Imevikwa karatasi kama nyingine zote. Haikunichukua hata pumzi nzima. Dada kumi na rangi zao za kucha.

Gašper kainusa. Akaacha kucheka.

"Iangushe," akasema.

"Kuna ya akiba."

"Angusha zote mbili."

Nilifikiria. Nakiri nilifikiria, nilikuwa nimeshaishika shingo.

Nikikohoa: ataisifia siki mbele ya pua sita, Radivoj wa kwanza. Atasema asali, neno kwa neno, na kabla hajamaliza sentensi kijiji kizima kitajua hanusi. Kiti cha babu kimekwenda leo leo.

Nikiweka kitambaa begani: ataiua kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa sauti. Mwishoni karani atasoma majina, na namba tisa itakuwa Milojka Krapež, rebula, mizabibu ya babu. Watasema heshima kwake, hakujua ni yake, na hakuihurumia. Atarudi nyumbani na mimi njia nzima, kilomita moja na nusu, naye ataniuliza tangu lini.

Kengele imelia. Nimekwenda nikamimina. Glasi saba, rangi ya chai nzuri, macho hayaoni kosa. Kwake nilimimina mwisho. Hakuniangalia. Nikarudi hapa dirishani.

Wengine wananusa. Yule wa kiti cha tano kavuta kichwa nyuma kama kaumwa na nyigu. Mzee Radivoj kasogeza glasi yake mbali kidogo, kama sahani yenye nzi, akakunja mikono. "Kiti cha pili," kasema. "Milojka, tunakusikiliza."

Shangazi hajaigusa glasi yake. Hata kuisogeza puani kwa kujifanya, kama alivyofanya kwa nane zilizopita, hapana. Ananitazama mimi. Mkono mmoja mezani. Kakunja kidole. Anagonga ubao.

Tok.

Na mfukoni mwa blauzi nyeupe, karatasi iliyokunjwa mara nne. Pembe yake inachungulia. Naona penseli yangu, mstari wa tiki, zote zimelalia upande mmoja.

Tangu Mtakatifu Yosefu. Siku mbili. Angeweza kuitoa hii chupa. Angemwambia Radivoj neno moja tu mlangoni.

Tok.

"Milojka?" Mzee anasema tena. Watu wameanza kugeuka kuangalia anaangalia wapi.

Gašper ananivuta aproni, ananong'ona, kohoa, mjinga, kohoa! Kitambaa ninacho mkononi, kimelowa, kizito kama mtoto. Penseli naiweka chini, nahitaji mikono yote miwili kukiweka begani.